Rafu ya Vitabu ya Mama Hatibu

Mwalimu Mdachi ambaye watu wa Morogoro walimwita Bwana Miwani alihamishiwa Tanga ghafla, na kasha lake la vitabu vya Kiswahili likakosa nafasi kwenye mizigo. Asubuhi ya kuondoka alilisukuma mwenyewe mpaka kizingitini mwa duka la Rehani, pale Mwembesongo, jasho likimtiririka na miwani imemteleza mpaka ncha ya pua.

"Watu wachukue," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Wasome. Warudishe. Wachukue kingine. Basi."

Kisha akakimbilia stesheni, maana gari la moshi lilikuwa limeshaanza kupiga kelele.

Rehani alibaki amelitazama lile kasha kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga. Duka lake lilikuwa la chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kaniki na shanga. Lakini ujanani alikuwa amesoma shule ya serikali kule pwani, akapata kuwa karani katika shamba la Mzungu kabla hajaoa, na hakuna jambo lililompendeza kama kuitwa msomi. Siku hiyohiyo alimwita fundi seremala, akatengenezewa rafu ndefu ya mninga, akaipigilia ukutani mahali palipokuwa na mikungu ya ndizi. Akavipanga vitabu kwa utaratibu alioufikiria mwenyewe: vinene upande wa kulia, kwa kuwa ndivyo vigumu, na vyembamba upande wa kushoto, kwa kuwa ndivyo vyepesi. Migongo yote aliielekeza nje.

Akaanza kungoja wasomaji.

Wasomaji walikuwapo. Mjini mlikuwa na vijana waliopita shule ya serikali, na huko milimani Uluguru mapadri walikuwa wamefundisha wengi kusoma. Shida ilikuwa Rehani mwenyewe. Mtu akiingia dukani, yeye hunyoosha mgongo, hukohoa kidogo, kisha humwuliza kwa sauti ya hakimu:

"Je, unatafuta elimu gani?"

Sasa mtu atajibu nini? Aliyekuja kununua kibiriti huchukua kibiriti chake akaenda. Bibi mmoja alijibu, "Natafuta chumvi, mwanangu," akatoka na chumvi yake huku akigeuka nyuma kwa wasiwasi. Mvua za masika zikaja, vitabu vikaanza kuota ukungu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetoka rafuni.

"Watu hawa hawapendi elimu," Rehani alimlalamikia mkewe.

"Wanakuogopa wewe, Baba Hatibu," Chausiku alisema. "Hata mimi unaniogopesha ukiuliza vile."

Chausiku alikuwa binti wa mwalimu wa Kurani. Hati za Kiarabu alizisoma kama maji, lakini herufi za Kizungu alizijua chache tu, zile zilizoandikwa kwenye makopo ya dukani. Mumewe alimpenda sana, ila mambo ya rafu alimwambia ayaache.

Mvua zilipopungua, Rehani alisafiri kwenda Turiani na wapagazi wawili kutafuta mchele. Chausiku akabaki na duka.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuvitoa vitabu vyote nje na kuvianika kwenye mikeka uani, kwa sababu ule ukungu ulikuwa ukimkera pua. Akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Kwa mara ya kwanza akaviona nyuso. Karibu kila jalada lilikuwa na picha: hapa simba, hapa mtumbwi, hapa ua limechanua, hapa mlima. Majirani walioona mikeka imejaa rangi wakaingia kutazama, mmoja na mwana mgongoni, mwingine na ungo mkononi.

"Hiki na hiki ni ndugu," alisema mmoja, akisogeza chenye mto karibu na chenye mtumbwi.

"Na huyu kuku akae na nani?"

"Akae na simba. Si wote wanyama?"

"Ataliwa!"

Wakacheka. Kucheka kule kukawa kazi. Jua lilipoanza kupinda, vitabu vilikuwa vimekaa kwa koo zake: ukoo wa wanyama, ukoo wa maji, ukoo wa maua na miti, ukoo wa milima. Chausiku akavirudisha rafuni vivyo hivyo, tena nyuso akazielekeza nje, maana alisema vile mumewe alivyovipanga vilikuwa kama watu waliosusa.

Kuanzia hapo hakumwuliza mtu elimu yoyote. Alimtazama mteja, akamjua ni nani na anatoka wapi, akamchagulia.

Alikuja Mzee Stambuli, askari mstaafu aliyejifunza herufi jeshini na ambaye hakuna aliyepona kusikia habari za tembo aliyemwua zamani. "Mzee wangu, hiki chako," Chausiku alimwambia, akampa chenye picha ya tembo mwenye pembe ndefu. Stambuli alikipokea kwa mikono miwili.

Alikuja Salum, kijana fundi cherehani aliyekuwa amemposa Asia. Chausiku akampa chenye ua jeupe zuri. "Msomee mchumba wako, mbele ya bibi yake, kwa adabu. Mwanamke hapendi kanga tu."

Na siku ya soko akaja Cecilia, mwanamke wa Kiluguru kutoka kijiji cha misheni huko juu, ameteremsha kabichi na karoti.

"Shikamoo, Mama Hatibu."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu kuna asomaye?"

"Mume wangu Petro. Alifundishwa na mapadri. Anasoma polepole, lakini hafi njiani."

Chausiku akateremsha kitabu kinene cha ukoo wa milima. Juu ya jalada palikuwa na mlima mwekundu uliochongoka, na juu yake makundi ya ndege wadogo. Cecilia alikiangalia, akaachia tabasamu. "Lupanga hiyo! Upande wa kwetu kabisa." Akakifunga ndani ya kitambaa, akakiweka kikapuni juu ya chumvi.

Rehani alirudi kutoka Turiani amechoka na ameungua jua. Aliweka gunia la kwanza chini, akainua macho, akaona rafu ina mapengo kama kinywa cha mzee.

"Mama Hatibu! Tumeibiwa?"

"Tumesomwa," alijibu mkewe kwa furaha.

Alipoelezwa jinsi vitabu vilivyopangwa na vilivyogawiwa, Rehani alikaa juu ya gunia lake la mchele. "Kwa picha," alisema. "Umewapa watu vitabu kwa picha. Mke wangu, jalada ni nguo tu. Je, wewe hununua mhogo kwa maganda?"

"Nanunua kwa maganda, ndiyo. Wewe unaumenya sokoni?"

Kabla hajapata jibu, sauti ilisikika mlangoni. Bibi yake Asia alikuwa ameingia bila kupiga hodi, amejifunga kibwebwe, na nyuma yake Salum amesimama kichwa chini.

"Nani amempa kijana huyu kitabu cha kumtukania mjukuu wangu?"

"Matusi gani tena, mama?" Chausiku aliuliza.

"Soma!" bibi alimwamuru Salum. "Soma kama ulivyosoma jana mbele ya wakwe zako!"

Salum akafungua kitabu chenye ua jeupe, akasoma kwa sauti inayotetemeka: "Funza huingia ndani ya ua likiwa bado halijafunguka, akalila taratibu kutoka ndani, na kwa nje mtu asione kitu. Mkulima mwenye busara huling'oa ua hilo na kulichoma moto."

Rehani akamgeukia mkewe taratibu sana. "Kitabu hicho," alisema, "ni cha maradhi ya pamba."

Chausiku alijifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka, mpaka bibi yake Asia mwenyewe alipoanza. Kwanza alitoa mguno mmoja kama wa kukasirika. Kisha akashika kiuno, akacheka hadi akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gunia la mchele karibu na Rehani.

"Pamba!" alisema akifuta machozi. "Na mimi usiku kucha nikijiuliza funza gani ameonekana kwa mjukuu wangu!"

Chausiku aliomba radhi kwa moyo wake wote. Alimpa bibi sabuni, akampa na Salum pole, akakubali mbele ya watu wote kwamba ua si ahadi ya kilichomo ndani. Salum alipotoka alikuwa bado na mchumba, na hilo ndilo alilolitaka.

Lakini Rehani sasa alikuwa amepata nguvu. "Unaona? Na hicho kinene chenye mlima umempa nani?"

"Cecilia, wa kabichi. Ila siku mbili za soko zimepita hajashuka."

"Ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote! Bwana Miwani akirudi nitamwambia nini? Mwenyewe nitakifuata."

"Kinahusu nini?"

Rehani alisita. Jina la kitabu lilikuwa *Mji wa Udongo*, na yeye alikiweka mwisho kabisa wa kulia kwa sababu ya unene wake. Hakuwa amekifungua. "Habari za miji," alisema. "Mambo mazito."

Kesho yake akapanda mlima. Njia ya Uluguru baada ya mvua haina huruma kwa mtu wa duka. Aliteleza, akashika majani, akapumzika penye kijito, akapitwa na wanawake wenye mizigo ya kuni vichwani wakimpa pole bila kupunguza mwendo. Mchana ulipokuwa umesonga alifika kijijini, kanzu yake imekuwa na rangi ya udongo mpaka magotini. Akaelekezwa nyumba ya Cecilia, katikati ya migomba.

Alikuta watu wamejaa barazani wakipukuchua maharage. Katikati yao mwanamume mwembamba ameshika kitabu karibu na pua, kidole kikifuata mstari.

"Ma-li-ki-a," alisoma. "Malkia! Ha-to-ki nje. Ka-zi ya-ke ni ku-za-a. Kazi yake ni kuzaa."

"Tumesikia, Petro, endelea!" wakamhimiza.

"Hodi wenyewe," Rehani aliita.

Walimkaribisha kwa heshima, wakampa kigoda, maji na ndizi za kuchoma. Alipopata pumzi akasema kilichomleta: kitabu kimechelewa, amekuja kukichukua.

Cecilia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini kaka, kitabu hakijaisha."

"Hata nusu hatujafika," alisema Petro. "Mimi ndiye ninayechelewesha, naomba radhi. Nikifika neno refu, hunitoa jasho."

"Basi kinahusu mji gani, mpaka kinawashika hivi?"

Baraza zima likacheka. Mwanamume mmoja mnene, Agustino, kaka yake Cecilia, akachukua kitabu na kumwonyesha Rehani jalada. "Tulibishana siku nzima. Dada anasema ni Lupanga. Mimi nikasema Lupanga haijachongoka hivi, huu ni mlima wa mbali. Tukakaribia kugombana. Petro akasoma, akasoma, kumbe ni kichuguu!"

"Kichuguu?"

"Kichuguu cha mchwa! Na hawa ndege ni kumbikumbi."

Rehani alikisogeza kitabu, akakiangalia vizuri. Kweli. Ule mlima mwekundu ulikuwa kichuguu, na wale ndege walikuwa na mabawa manne kila mmoja. Kitabu kizima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kilikuwa habari za mchwa: wanavyojenga, wanavyopitisha hewa, askari wao, wajenzi wao, na mama yao mmoja anayekaa chumbani gizani akiwazaa wote.

Uso wake ulipata moto. Alikuwa amekwea mlima huu wote akisema moyoni kwamba mkewe hajui kilichomo vitabuni.

"Mimi nimependa hapo penye mama," Cecilia alisema. "Wote wa nyumba moja kwa sababu ya mama mmoja. Si ndiyo sisi? Mtoto wa Kiluguru huulizwa ukoo wa mama yake."

"Na mume wa malkia," Agustino akadakia, akimtazama shemeji yake, "kahamia kwa mkewe, hana shamba, hana kauli. Petro, hapo ulisoma haraka sana. Hebu rudia."

"Angalau yeye hana shemeji," Petro alijibu, na kicheko kikawatoa kuku barazani.

Mvua ndogo ikaanza kunyesha, ikageuka kuwa kubwa. Rehani hangeweza kushuka tena siku hiyo. Cecilia akamwekea maharage mbele yake naye apukuchue, kisha akafikiri, akayaondoa, akamkabidhi kitabu.

"Kaka, wewe ni msomi. Mpumzishe Petro."

Rehani akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya hakimu. Hakufika mbali. Mzee mmoja alimkatiza kuuliza kama mchwa hulala. Mama mwingine alitaka kujua nani huwapa zamu askari. Agustino alipinga kila jambo mpaka lithibitishwe mara mbili. Rehani akajikuta anajibu, anarudi nyuma kutafuta ukurasa, anabishana, anasimama kuonyesha kwa mikono jinsi kuta zinavyopanda. Sauti ya hakimu ilimtoka bila yeye kujua ilikokwenda. Walipokula ugali na mboga za majani bado alikuwa ameshikilia kitabu kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ilikucha safi, mabonde yamejaa ukungu mweupe. Agustino alikuja na jembe begani.

"Kitabu kinasema ukitoboa ukuta, askari hutoka kwanza, halafu wajenzi huziba. Mimi siamini mpaka nione. Pale penye maharage ya dada kuna kichuguu."

"Usikivunje," Cecilia alionya. "Kutoboa tu."

Wakaenda wote, Rehani mbele na kitabu kimefunguliwa. Agustino akagonga ubavu wa kichuguu kwa ncha ya jembe, pakatokea tundu dogo. Watu wakainama wakizuia pumzi. Mara vichwa vya rangi ya kahawia vikajitokeza, vina taya kama koleo, vikazunguka ukingoni.

"Askari!" Rehani alinong'ona.

Nyuma yao wakaja wadogo weupe, kila mmoja na chembe ya udongo mdomoni, wakaanza kuiweka moja juu ya nyingine, wakilowesha, wakibandika. Tundu likaanza kupungua.

"Wanaziba!" Rehani alipiga kelele akirukaruka na kanzu yake chafu. "Kama ilivyoandikwa! Neno kwa neno! Petro, umeona?"

Petro aliona. Agustino aliweka jembe chini, akavua kofia, akasema kwamba leo amekubali.

Rehani alishuka Morogoro akiwa na kabichi mbili, mkungu wa ndizi na kikapu cha karoti alivyopewa kwa lazima. Chausiku alimpokea mzigo mlangoni.

"Na kitabu kiko wapi?"

"Hakijaisha," alisema mumewe, akapita ndani kutafuta maji ya kuoga.

Alipokwisha kuoga na kula, alimweleza yote, la kichuguu na la jembe na la shemeji. Chausiku alicheka hadi akaomba amsimulie tena. Kisha Rehani akasema, akitazama sakafu, kwamba hata yeye alidhani ni habari za miji.

"Basi sote wawili tunasoma maganda," Chausiku alisema. "Wewe unasoma unene, mimi nasoma picha."

"Lakini kwako wamekuja."

"Na kwangu Salum alikaribia kukosa mke."

Wakakubaliana. Koo za Chausiku zitabaki rafuni kama zilivyo, nyuso nje, kwa kuwa ndizo zilizowavuta watu kuingia. Rehani naye atavisoma vyote, kimoja baada ya kingine, ili mtu akinyoosha kidole kwenye picha aambiwe kilichomo kabla hajaondoka nacho. Wakati dukani hapana wateja, alimsomea mkewe kwa sauti, na mkewe akiangalia herufi juu ya bega lake, akizizoea pole pole.

Mzee Stambuli alirudisha cha tembo akiwa na mswaki mdomoni. Kilikuwa kitabu cha kutunza meno. Alisema tembo aliwekwa jaladani kuwavuta watu tu, na hana kinyongo, maana jino lililokuwa likimsumbua tangu jeshini limetulia. Sasa anataka kingine cha ukoo huohuo.

Kwa muda mfupi rafu ikawa na wageni wengi kuliko pipa la chumvi. Watu waliagiza kwa koo: nipe cha maji, nipe cha miti, kile chenye kuku kimerudi? Siku moja aliingia Kristina, mpishi wa masista, akachagua chenye picha ya mtumbwi.

"Dada, nikuambie kweli," Rehani alisema. "Mtumbwi upo nje tu. Ndani ni kisa cha ndugu wawili wanaogombania mjane mmoja, na mjane mwenyewe ana akili kuwashinda wote. Mdogo anajificha kwenye ghala la mahindi. Mkubwa anakuja na taa ya mafuta, anafungua mlango, na humo ndani anamkuta —"

Chausiku alikuwa akipima sukari upande wa pili. Alitupa kibaba, akaja mbio, akamziba mumewe mdomo kwa kiganja.

"Baba Hatibu! Ukimwambia anamkuta nani, atakwenda kusoma nini?"

Kristina aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akakinyakua kitabu juu ya meza. Hakungoja hata sukari yake. Walimwona akitembea katikati ya njia, ameshafungua ukurasa wa kwanza, na punda wa Mwembesongo ndio waliompisha.